RISC au CISC? Ubishi wa Ngamiani unachanganya mambo mengi

Ukikaa kwenye duka la laptopu huku Ngamiani, Tanga, haipiti muda utausikia huu ubishi, huyu anasema ARM ndo mpango mzima kwa sababu ni RISC, yule anasema bila Intel hamna kompyuta. Naona kila mmoja ana haki nusu, ila sababu wanazotoa ndo zina shida.

Tuanze na chenyewe. RISC na CISC ni mitindo miwili ya kupanga amri ambazo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inazielewa: ARM ni ya RISC, na x86 ya Intel ni ya CISC. Kwenye CISC, mfano x86 iliyoanza na Intel 8086 mwaka 1978, amri moja inaweza kufata namba kwenye memori, ikajumlisha na kurudisha jibu hukohuko. RISC haina hiyo, amri ya kwanza inaleta namba kwenye rejista (kijisehemu cha kushikia namba ndani ya prosesa), ya pili inajumlisha, ya tatu inarudisha. Utasema inajichosha bure, ila cheki urefu: ARM ya biti 64 kila amri ni baiti 4 basi, wakati ya x86 inaanzia baiti 1 mpaka 15, kwahiyo prosesa lazima ihangaike kujua amri hii inaishia wapi ndo ijue inayofuata inaanzia wapi, na huko kuhangaika kunakula umeme.

Wanaoiponda CISC wakumbuke miaka ya 70 memori ilikuwa ghali mno, na amri nzito za CISC zilifanya programu iwe fupi, hapo unaokoa pesa. Afu kina John Cocke wa IBM, na baadae David Patterson wa Berkeley na John Hennessy wa Stanford, wakaja na hoja kwamba kompaila (programu zinazogeuza kodi ya mwandishi kuwa amri za prosesa) zinatumia sana amri chache nyepesi, zile nzito nyingi zimekaa tu. Hoja nzito hiyo, naikubali kabisa. Ila Intel nao hawakulala, Pentium Pro ya 1995 inazivunja amri nzito kuwa vijiamri vyepesi ndani kwa ndani, na ARM nayo imekuwa ikiongeza amri, mpaka za kufunga data isisomeke na wengine kwa njia ya AES inazo. Kwahiyo ule mpaka wa zamani umefifia sana.

Hapa ndo watu wanakosea. MacBook Air ya 2020 yenye M1, chipu ya Apple ya aina ya ARM, haina feni na kwa joto letu la Tanga mwezi wa pili hicho ni kitu kikubwa, lakini ile chipu ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 5 wakati Intel nyingi za wakati ule zilikuwa 14 au 10, na kwa kawaida namba ikiwa ndogo chipu inakula umeme kidogo, sasa sifa zote unaipaje RISC peke yake?

Mwenye steshenari mimi namwambia achukue x86, tena bila kusita. Windows ya ARM inatafsiri programu nyingi za x86 na zinafanya kazi, ila draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa kama printa) haitafsiriwi, lazima iwe imeandikwa kwa ARM, na printa ya zamani ambayo kiwanda kimeshaitelekeza ikigoma hapo biashara imesimama. Mwanafunzi anayeandika, anayeingia intaneti na kukaa na chaji kutwa umeme ukikatika, huyo ARM inamfaa sana.

Na lile wanalosema pia la "ARM haiongezwi RAM" tusiibebeshe RISC. Kuchomelea RAM kwenye bodi ni uamuzi wa mtengenezaji, na laptopu nyembamba kibao za Intel zinakuja hivyohivyo.