Funguo za Januari hadi Machi

Mashine yangu ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ni ile ndogo inayoitwa 3018, na jina hilo ndilo vipimo vyake: inachonga eneo la sentimita 30 kwa 18. Ukitaka zaidi ya hapo katafute fundi mwenye karakana. Huletwa kwenye boksi ikiwa vipande vipande, unaiunga mwenyewe, na ukimaliza lazima ibaki skrubu moja isiyo na kwao. Nimeiweka chumba cha uani hapa Ngamiani, Tanga, na mke wangu aliikubali kwa sharti kwamba isiguswe usiku, maana biti, ile ncha inayokata, ikikutana na shaba hutoa mlio ambao mbwa wa jirani huuitikia.

Kazi ilikuja kutoka kwa Hajati mwenye gesti. Ghorofa tatu, vyumba 14 kila ghorofa. Vibao vyake vya zamani vilikuwa vya plastiki, namba zimeandikwa kwa maka peni na zimefutika, wageni wakawa wanajaribu ufunguo mlango kwa mlango saa sita za usiku. Akataka vibati 42 vya shaba, vya duara, vyenye tundu la pete. Namba ya ghorofa kwanza, kistari, halafu chumba: 1-1 ndicho cha kwanza kule chini, 3-14 ndicho cha mwisho kule juu, karibu na tangi la maji. Tukapatana 3,000 kwa kibati. Akatoa nusu, 63,000, akasema nyingine nikileta mzigo.

Niseme kidogo kuhusu kazi ya mkupuo, ili mtu asije akadhani mimi ni mbabaishaji. Nilikata ubao wa plaiwudi wenye mashimo 14, saba kwa mbili, ili ghorofa nzima ichongwe kwa mkupuo mmoja. Shaba inateleza, kwa hiyo unabandika maskintepu kwenye ubao, nyingine mgongoni mwa kibati, na supagluu unaiweka kati ya tepu na tepu. Inashika kweli, na ukimaliza unabandua bila kukwangua gundi. Sifuri ya biti unaitafuta kwa kipande cha karatasi: unaishusha kidogokidogo huku unavuta karatasi, ikianza kukwama, hapo hapo. Kina nilikitaka milimita 0.2, na kwa kuwa mashine yenyewe ni nyepesi na inatetemeka ukiilazimisha, unapita mara mbili, 0.1 kila mara. Tena mashine yangu haina swichi za kuijulisha imefika mwisho. Umeme ukikatika inasahau ilikuwa wapi, na ukirudi inaamini kwa moyo wote kwamba pale iliposimama ndipo sifuri yake. Kwa hiyo mimi jicho moja lilikuwa kwenye biti, la pili kwenye Luku. La tatu sikupewa.

Kuchapa orodha nilimpa mpwa wangu, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Mistari 42 ya namba. Ungempa nani tena? Akachapa kwenye lahajedwali, ile programu ya majedwali kama Excel, kisha programu ya kuchongea ikaichukua orodha na kuupeleka kila mstari kwenye duara lake.

Sasa hizi lahajedwali zina kiherehere. Ukiandika 1-1, haikuulizi ni chumba, ni matokeo ya mpira, au ni nini. Inaamua kuwa hiyo ni tarehe, inakuandikia 1-Jan, na inakaa kimya. Ghorofa ya kwanza yote ikawa Januari, ya pili Februari, ya tatu Machi. Na kwa bahati mbaya Hajati hakujenga vyumba zaidi ya 28 kwa ghorofa, maana angefanya hivyo Februari ingeishiwa siku, na pengine mtu angeshtuka.

Mpwa aliona. Nataka hili lieleweke vizuri: aliona. Akadhani Hajati ndivyo alivyotaka.

Mimi nilipokuwa nimekaa, maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu, yamefunikwa na unga wa shaba na mafuta. Kila baada ya muda nilifuta kidogo, nikaweka lenzi, nikaangalia kingo za mstari kama zimechanika. Hazikuchanika. Ile J ya kwanza nilimwita hadi mke wangu aje aione ilivyokata kona. Tulipopaka rangi nyeusi na kufuta kwa tina ili ibaki ndani ya mchongo tu, kazi hiyo akaifanya mpwa, nami nikamuuliza kama mtu makini anavyouliza:

“Zinasomeka?”

“Zinasomeka vizuri sana, mjomba.”

Na kweli zilikuwa zinasomeka.

Nilipopeleka mzigo, Hajati alikuwa msibani Pangani. Kijana wa mapokezi akapokea, akaning’iniza vyote jioni ile ile, akasema sasa gesti imekuwa hoteli.

Wa kwanza kulalamika ni dereva wa lori la saruji. Alipewa 7-Mar, akaurudisha ufunguo mezani, akasema yeye analala usiku mmoja, hana hela ya kukaa hadi Machi. Ndiyo kwanza masika yalikuwa yamekwisha. Mzee mmoja kutoka Unguja akapewa 12-Jan, akashukuru sana, akaamini wamemwekea chumba hicho kwa heshima ya Mapinduzi. Bibi mmoja wa semina akapewa 8-Mar, akauliza kama kwa Siku ya Wanawake kuna punguzo. Kijana wa mapokezi, ambaye hajawahi kukosa jibu, akampunguzia elfu mbili.

Kisha ikaja habari ya bwana wa Korogwe. Alikuja mjini kwa shughuli zake halali kabisa, akalala, akaondoka alfajiri na ufunguo mfukoni. Mkewe alipokuwa anafua suruali akakutana na kibati cha shaba kinachong’aa, kimechongwa 14-Feb kwa herufi ambazo, nasema bila kujisifu, zilikuwa nzuri. Akapanda naye basi hadi Tanga. Akaingia mapokezi kajitanda kanga, ufunguo mkononi, mume nyuma.

“Hili ni nini?”

“Ni namba ya chumba tu, mama,” kijana akasema.

“Ehee. Na hicho cha jirani kinaitwaje? Idi el Fitri?”

Mume, nimeambiwa, alikuwa anaitazama kalenda ya ukutani kama shahidi wake.

Hajati aliporudi alinipigia simu akasema neno moja tu: njoo. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza ya mapokezi, miwani puani, funguo zote amezipanga mbele yake.

“Shikamoo, Hajati.”

Marahaba ilikuja, ila ilichelewa. Akanisukumia ufunguo mmoja.

“Soma.”

“Tano... Machi.”

“Nilikuagiza kalenda?”

“Hapana, Hajati.”

“Mji wenyewe huu sifa yake ni waja leo waondoka leo. Wewe wageni wangu unawapangia mpaka Machi?”

Nikaona hapa nisipojitetea kwa elimu nimekwisha. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu umewapata wakubwa. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa MARCH1 na SEPT1. Wanasayansi wakiziingiza kwenye lahajedwali, zinageuka tarehe 1 Machi na tarehe 1 Septemba, na makosa hayo yakawa yanapita hadi kwenye makala zao za kitaalamu. Walihangaika miaka. Mwisho, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni ikasalimu amri: MARCH1 ikaitwa MARCHF1, SEPT1 ikaitwa SEPTIN1. Yaani binadamu ndiye aliyebadilisha majina ya vitu vilivyo mwilini mwake. Watu wenye maabara wamenyoosha mikono, sembuse mimi na mpwa wangu hapa Ngamiani?

Hajati alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu muungwana.

“Kwa hiyo nibadilishe majina ya vyumba?”

Kusema kweli ndiko nilikokuwa naelekea.

Alikataa. Nusu yangu iliyobaki akasema ataitoa siku atakapoona 3-5 imeandikwa 3-5. Nikamwambia shaba ina pande mbili, nitageuza vibati nichonge mgongoni, na mbele nitaparuza tarehe zisionekane. Akafikiri, akasema mbele niache kama palivyo. Nikashangaa. Baadaye kijana wa mapokezi alininong’oneza kwamba tangu habari ya Korogwe isambae, kuna watu wanapiga simu kuulizia 14-Feb kama kiko wazi, na Hajati amekwisha kukipandisha bei. Ni chumba kinachotazamana na jenereta. Mimi katika nyongeza hiyo sina hata senti.

Mpwa naye, kwa kujisikia vibaya, alikwenda kusoma. Akagundua kwamba ukitanguliza ritifaa, ile alama ya kwenye ng’ombe, lahajedwali inaacha unachoandika kama kilivyo, na ritifaa yenyewe haionekani. Alifurahi sana na dawa hiyo. Mimi nikiwa sijui lolote, nikampa amri kali: lahajedwali marufuku ndani ya nyumba hii, orodha andika kwenye faili la maandishi matupu.

Mtoto ni mtiifu. Alifanya yote mawili.

Kwenye maandishi matupu ritifaa haijifichi popote, ni alama kama alama nyingine, na mashine haibagui. Safari hii nilisoma. Nilisoma kwa sauti, nikiwa na kitambaa cha tina mkononi, ghorofa zote tatu zikiwa zimekwisha kuchongwa, zimepakwa na kufutwa. Nikakigeuza kibati: 14-Feb. Nikakigeuza tena: '2-14. Shaba haina upande wa tatu.

Hajati alivaa miwani. Akakipapasa kwa kidole gumba, akakisogeza dirishani kwenye mwanga.

“Namba ni yenyewe,” akasema. “Na hiki kidudu hapa juu mbele?”

“Nakshi, Hajati.”

“Kwenye vyote?”

“Vyote 42. Hiyo sikutozi.”