Nani anaisikia harufu ya karafuu?

Msimu wa karafuu Pemba, kazi ya usiku ni kuchambua. Mashada yaliyochumwa mchana yanamwagwa chini, watu wanakaa kuyazunguka. Shada unalikandamiza kiganjani na kulizungusha, karafuu zinadondoka, konyo linabaki mkononi. Karafuu huku, makonyo kule. Harufu mwanzoni ni kali hadi macho yanawasha, kisha pua inazoea.

Usiku mmoja wa namna hiyo, kwa shangazi yangu nje kidogo ya Wete, mpwa wangu wa kidato cha sita alitutangazia kwamba harufu ile ni yujinoli tu: molekuli yenye atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Atomu nazo zinafuata milinganyo ya fizikia. "Basi, hakuna kingine."

Shangazi hakuacha kuchambua. "Na mie ninayeisikia, mjukuu wangu, nimo kwenye hesabu hiyo?"

Watu wakacheka. Kwangu mimi, swali hasa ndilo hilo.

Tumpe kijana haki yake kwanza. Wanawake wanaolima mwani wanajua kwamba bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yaani madogo, yako katikati. Watu wa pwani wamelijua hilo kwa macho, kizazi baada ya kizazi. Newton, mwaka 1687, akaeleza kwa nini: mwezi na jua vikivuta kwenye mstari mmoja, maji hujaa sana na kupwa sana, vikivuta kwa pembe mraba, vinapunguzana nguvu. Leo jedwali la maji ya mwaka mzima ujao linatolewa mapema, saa na dakika. Sijui elimu nyingine inayothubutu kuahidi hivyo na ikatimiza.

Na waliowahi kusema "hapo hamtafika" wameumbuka. Mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte aliandika mwaka 1835 kwamba hatutajua kamwe nyota zimeundwa na nini. Mwaka 1859 wanasayansi Wajerumani Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kuwa mwanga wenyewe unabeba alama za elementi. Mwaka 1868 alama ya gesi isiyojulikana ikaonekana kwenye mwanga wa jua. Ndiyo heliamu, iliyokuja kupatikana hapa duniani mwaka 1895.

Kwa hiyo wale wanaoipinga fizikia kwa kuhesabu mapengo yake mimi siwaungi mkono. Mapengo yapo. Nadharia ya uvutano ya Einstein ya 1915 haijapatana na nadharia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, na kiasi cha asilimia 95 ya vilivyomo ulimwenguni tumevipa jina la mata giza na nishati giza kwa sababu hatujui ni nini. Lakini deni ambalo halijalipwa si deni lisilolipika. Anayejenga imani yake ndani ya pengo, siku likizibwa itabidi ahame na virago vyake.

Shangazi hakutaja pengo lolote. Aliuliza kuhusu kitu kilichotolewa nje tangu mwanzo. Mwanasayansi Mtaliano Galileo mwaka 1623 alisema kuwa ladha, harufu na rangi zimo ndani ya anayehisi. Muondoe kiumbe huyo, yanabaki majina matupu. Kwenye vitu vyenyewe akaacha umbo, idadi na mwendo, yaani vinavyopimika. Ulikuwa uamuzi wa busara sana, na fizikia imefika ilipofika kwa sababu yake. Ni kama sisi na makonyo: tunayatenga kwa sababu gunia linatakiwa liwe la karafuu. Ila ukishayatenga, usifungue gunia ukayakosa ukasema mkarafuu hauna makonyo.

Mpwa wangu alijibu kwamba hata kunusa kunaelezwa. Kweli. Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, na binadamu ana aina kama 400 za vipokezi hivyo. Tena ana hoja nzito kuliko aliyoitaja: wakati wa korona watu walikaa kando ya jamvi la karafuu wasisikie chochote. Kitu kinachopotea kwa sababu seli za puani zimeguswa hakiwezi kuwa mbali na mwili. Hapa shangazi anabanwa, nami sioni njia nyepesi ya kumtoa.

Hata hivyo, kueleza jinsi pua inavyotofautisha karafuu na mdalasini bado hakujagusa kwa nini kuna kusikia kokote, badala ya mashine inayotofautisha tu bila kuhisi chochote. Kijana anasema tusubiri, kama heliamu. Nadhani mfano huo haumfai: heliamu ilikuwa ndani ya vinavyopimika, ikisubiri kipimo kizuri zaidi.

Wengi kwetu huku wanauona ugomvi huu kuwa wa dini na sayansi. Sivyo. Nobeli ya fizikia ya 1979 walipewa Abdus Salam, Steven Weinberg na Sheldon Glashow kwa kuunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu hafifu ya nyuklia. Salam, katika karamu ya tuzo, alisoma aya za Suratul Mulk. Weinberg hakuwa na imani ya Mungu hata kidogo. Hesabu ni zile zile. Kama fizikia yenyewe ingekuwa inatamka kwamba iliyoyaona ndiyo yote, wawili hao wasingeachana njia pale pale.

Usiku ule kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Sasa Bibi, wewe unaisikiaje?"

"Mie?" Shangazi akakung'uta makonyo mapajani. "Mie tangu magharibi sisikii kitu, pua imeshazoea. Sogeza jamvi hilo."