Mjomba, Begi Linasafiri

Jamani, kabla hamjaendelea kurushiana ile video ya sekunde 41 inayonionyesha nikipapatika baharini Unguja, na mimi naomba niseme. Kwanza, sikulia. Yale ni maji ya chumvi, na aliyewahi kufumbua macho ndani ya bahari ananielewa. Pili, shemeji yangu aliyeisambaza huku kwetu Kigoma kuanzia Mwanga mpaka Katonga ndiye aliyeachiwa kazi ya kuangalia viatu, na viatu havikurudi. Hilo kwenye voisi yake ya dakika nne hakuligusa.

Harusi ya Dar mnaijua, michango mlitoa. (Wengine mliahidi. Nina daftari.) Ikaisha Jumamosi, basi letu la kurudi Kigoma lilikuwa Jumanne, na Jumatatu tukajikuta watu watano hatuna la kufanya: mimi, dada, shemeji, mama mdogo na mtoto wa dada mwenye miaka tisa. Nikasema twende Unguja, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Boti ya saa moja, karibu saa mbili majini, kurudi na ya saa kumi jioni. Ukiondoa ile saa nzima ya kuwahi bandarini, mnabaki na saa sita za kukanyaga mji. Muda huo unatosha mambo mawili. Anayekuambia matatu anakuuzia kitu.

Cheo cha kiongozi nilijipa mwenyewe. Nani mwingine? Miaka kumi na mbili niko Kibirizi, bandari yetu ya ziwani, napakia na kushusha boti za Mwamgongo na Kagunga. Ziwa nimelala nalo, nimekula nalo. Maji ni maji.

Bandarini Malindi, pale Unguja, tulikuta meli ya watalii, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, utadhani mtu kaibandua Mwanga nzima akaitia majini. Wazee wa kizungu wanashuka na stika za namba vifuani, kila kundi na mtu wake aliyenyanyua kibao. Nao wana saa zao chache kama sisi, wakichelewa meli inaondoka. Nikawaambia wangu, mnaona? Wale wanahitaji kibao. Nyie mnaye mimi.

Nikaanza kazi. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, hiyo hapo, aliijenga Sultan Barghash, 1883, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Upande ule Shangani, kuna nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na njia ya misafara ya enzi zake ndiyo iliyopita Tabora ikafika mpaka kwetu Ujiji. Mama mdogo akaniuliza choo kiko wapi. Hicho sikukijua.

Jambo letu la pili lilikuwa fungu la mchanga liitwalo Nakupenda, nje kidogo ya Mji Mkongwe, upande wa kisiwa cha Changuu. Maji yakitoka linaibuka katikati ya bahari, jeupe kama unga wa muhogo. Maji yakijaa linazama lote. Hili la kuzama niliambiwa. Sitaki mtu aje aseme sikuambiwa.

Ufukweni pale boti hukodishwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watano mnapatana bei moja ndipo mnagawana. Ulizeni papo hapo kama bei ni ya kwenda na kurudi, kama nahodha atawasubiri au atawaacha akafuate wengine, na maboya ya kuvaa yako mangapi. Yetu yalikuwa manne. Nikasema mimi silihitaji, nimetoka ziwani. Shemeji akalicheka lile boya langu ambalo halikuwepo. Kumbukeni hilo, tulikuwa wawili katika ujinga huu.

Kobe wakubwa wa Changuu, wale walioletwa kutoka Seychelles, tuliwapita kwa mbali tukaahidi kurudi. Tukashuka kwenye fungu saa tano kasoro dakika kumi. Nahodha, mzee mmoja wa kofia, akakanyaga mchanga akanitazama.

"Shekhe, leo mwezi kumi na sita, bamvua. Maji yamemaliza kutoka saa nne na robo, sasa yanajaa. Mie nakwenda Changuu kuchukua watu, nitarudi saa saba kasorobo. Vitu vyenu wekeni juu kule kwenye mahema. Msiviache chini."

Nikamjibu, na ndiyo maneno yanayonirudia usiku: "Mzee, usijali. Sisi ni watu wa maji."

Sasa wenzangu wa ziwani, hapa msikilize, maana hamjui na mimi sikujua. Ziwa letu likipanda, linapanda kwa masika mazima, na kushuka linaweza kuchukua miaka. Mliona lilivyoingia kwenye nyumba za watu mwambao huku, si jambo la siku moja. Ukiweka gunia lako la dagaa hatua tatu kutoka majini asubuhi, jioni liko hatua tatu. Bahari haina uungwana huo. Inajaa na kutoka mara mbili kwa siku, saa sita na ushei kila safari, na kila siku inasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo saa ya leo si ya kesho. Wenyeji wanahesabu kwa mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndipo bamvua: maji yanatoka mbali sana na yanajaa juu sana, tofauti ya kama mita nne pale Unguja. Mwezi wa nusu ni maji mafu, yanajaa kivivu. Mtu wa safari ya siku moja auombe kwanza mwezi, halafu tiketi.

Tena hayajai kwa mwendo mmoja. Chukua zile mita nne: saa ya kwanza yanapanda kama sentimita 33, ukiyatazama unaona yamelala. Saa ya pili 67. Saa ya tatu na ya nne, mita nzima kila saa. Na fungu lile ni bapa, sentimita moja ya kimo inaweza kula nusu hatua ya mchanga. Mimi begi nililiweka hatua kumi kutoka majini. Kumi! Huku ningewekea tatu, nikajiona mwangalifu. Kumbe hatua zile kumi zilikuwa za dakika ishirini tu.

Mtaniuliza kwa nini sikulipeleka juu. Mazoea ya kazi. Kibirizi mzigo unakaa karibu na maji, boti ikija usihangaike nao. Ndani ya begi: tiketi zetu tano za kurudi, vitambulisho vyote, simu yangu, simu ya dada, kitenge cha mama mdogo, na kilo mbili za dagaa za kumpelekea mtu wetu wa Darajani. Viatu vyote kando, shemeji akiwa mlinzi. Mimi nikapanda juu karibu na mahema ya watalii wa stika, ambako kulikuwa kunachomwa pweza, nikajilaza kwenye harufu ya chakula ambacho hatukukilipia.

"Mjomba, begi linasafiri."

Nikafumbua jicho moja. Mtoto amesimama juu yangu, maji yanamchuruzika, kidole kimeelekea chini. Nikatazama. Ule mchanga wa hatua kumi haupo. Begi limekaa ndani ya maji, bado limeshika chini, na viatu tayari vinazunguka pembeni yake kama bata. Shemeji hayupo, yuko kwenye pweza anaulizia bei.

Kisha nikaliona. Upande wa nyuma ukainuka kwanza, polepole, kama ng'ombe anavyoamka. Halafu mbele. Likatulia hapo likielea, likajigeuza, mkanda ukaja upande wangu kama mkono wa mtu anayeaga. Kikaja kimkunjo cha maji, hata wimbi huwezi kukiita, kikalichukua hatua mbili. Kingine, tatu. Halikuwa na haraka yoyote. Ndicho kilichoniuma zaidi: begi lilikuwa linaondoka kwa adabu.

Nikakimbia. Nilipofika majini nikajirusha kichwa mbele kama tunavyojirusha kutoka kwenye boti tukidondosha kitu, macho wazi, maana ziwani unaona chini mpaka kokoto. Mambo mawili sikuyapima. La kwanza, kina kilikuwa cha magoti, kwa hiyo tumbo ndilo lililofika la kwanza, tena lilifika kwenye mchanga. La pili, nilikuwa bado napiga kelele "begi!", kwa hiyo mdomo nao ulikuwa wazi.

Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, tuseme vijiko sita vya chai. Mimi wa ziwani, ambaye nikiwa na kiu kazini nainama nachota kwa kiganja, nilimeza kama uji. Macho yakafunga yenyewe. Nikawa sioni, nakohoa, na bado napiga mikono kuogelea kwa nguvu zangu zote. Kwenye maji ya magoti. Tena kuelekea siko. Pale kwenye video, sekunde ya 17, mnaponiona nakwenda kwenye hema la chakula kwa staili ya kifua, sikuwa nafuata pweza kama voisi inavyodai. Nilikuwa nimepotea.

Nyuma yangu zipu ilikuwa imeachia. Dagaa wetu wakavu wakatoka mmoja mmoja, wakaelea, wakatandaa juu ya Bahari ya Hindi kama waliopewa likizo. Samaki wadogo wa pale wakaja chini yao kutazama wageni. Mama mdogo akapiga ukelele ambao hakuupiga hata harusini: "Dagaa wangu wanarudi majini!"

Aliyeokoa begi si mimi, si shemeji, si hata nahodha. Ni bibi wa kizungu, stika namba 14 kifuani, kofia pana, fimbo ya kutembelea mkononi. Akaingia majini kiunoni bila papara, akanyoosha fimbo, akaunasa mkanda, akavuta. Basi. Wazee wote wa kibao chake wakapiga makofi. Nikasimama mbele yao, mchanga kifuani, kamasi mpaka kidevuni, dagaa mmoja kwenye nywele. Nikasema "thenki yu" mara tatu.

Bibi akaniangalia kwa huruma ya kweli, akamwambia kitu kijana anayewaongoza. Kijana akasita.

"Anauliza, huko kwenu hakuna maji?"

Ningeweza kusema natoka Dodoma. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Shemeji, simu bado iko juu, akawahi: "Katoka Kigoma huyo!"

"Kigoma ya Ziwa Tanganyika?" Kijana akanitazama upya kuanzia miguuni. Nawaambia, yule kijana darasani alisikiliza. Akageuka akawatafsiria wazee wote, kwa kirefu, na kwa mikono: kwamba huyu mwenzetu anatoka kwenye ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470. Sikuelewa maneno yote. Nilisikia "Tanganyika", halafu nikasikia wazee wote pamoja wakisema "Aaaah", na kamera zikapanda tena.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Nahodha alirudi saa saba kasorobo kamili, fungu limebaki kama kitanda cha futi sita, sisi tumesimama juu yake kama mbuzi. Akatazama viatu visivyokuwepo, akanitazama mimi. "Watu wa maji," akasema, akavuta kamba ya mashine. Tukafika bandarini saa tisa, pekupeku, juani. Wino wa tiketi ulikuwa umetapakaa, lakini vitambulisho ni plastiki na majina yetu yalikutwa kwenye orodha, tukapita.

Simu ikiingia maji ya bahari usiiwashe. Izime, toa laini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Mchele unafyonza maji, chumvi unaiacha humo humo ikile chuma taratibu. Haya nimeambiwa na fundi wa Gungu, baada. Mimi nilitaka tu kuona kama inawaka. Iliwaka, ikanitazama, ikazima. Nikaitia kwenye mchele hata hivyo, na dada akaupika ule mchele Jumanne tukabeba njiani, na ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Shemeji, viatu vyangu vilikuwa vya ngozi. Naomba lijibiwe hadharani kama ulivyotuma hadharani.

Leo asubuhi nimerudi kazini. Nilidhani Kibirizi mtandao hausumbui. Mama mmoja wa Kagunga kanishushia kiroba cha unga miguuni, kaniangalia, kaziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Baba Bamvua, huu wangu uweke juu."

Nikauweka juu.