Siku Baba Mkwe Alipokwama Ndani ya Skafu

Mimi ni mtu wa Tanga. Kufuma nilijifunzia kwenye vile vitambaa vya kochi, uzi mwembamba na sindano moja ya ndoano, ambavyo kwetu vinafunika kila kitu mpaka redio. Kisha nikaolewa Njombe.

Usiyeijua Njombe ya mwezi wa 7, nikwambie tu kwamba kikombe cha kwanza cha chai unakipuliza, cha pili unakiwahi. Kuna asubuhi umande unaganda majanini na watu wanatembea wamejikunja kama wanatafuta sarafu iliyodondoka. Baba mkwe, mzee wa maneno machache, alikuwa na malalamiko mawili kila jioni pale kibarazani: shingo inapigwa na upepo, na birika linapoa kabla hajaongeza.

La birika nililiacha. La shingo nikalidaka mbele ya mawifi watatu: "Baba, hilo niachie mimi."

Mdomo huu!

Nilikuwa nimeona video kwenye simu, mama mmoja wa Kizungu anafuma skafu ya duara, ile isiyo na ncha, unaivaa kwa kupitisha kichwa. Rangi mbili, mistari imesimama wima kama mahindi shambani, uzi mnene kama kidole cha mtoto. Mtindo unaitwa brioche, jina la mkate wa Kifaransa. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba Wafaransa wa zamani, mtu akiboronga, walisema kafanya brioche. Hilo kwenye video hawakulisema.

Uzi nikaufuata mtumbani. Nilichagua masweta mawili mazito, moja damu ya mzee, la pili rangi ya maziwa, nikayafumua. (Ukitaka sweta la kufumua, ligeuze kwanza utazame ubavuni. Kama limekatwa na kupigwa ovaloki, liache hapohapo. Utaambulia vipande vya kufungia karanga.) Uzi ulitoka umejikunjakunja kama tambi, nikaufua, nikauanika nimeuning'inizia chupa ya maji ya lita moja na nusu mpaka ukanyooka.

Vitanzi 60, sindano za milimita 9 zilizounganishwa kwa waya. Kila mzunguko unakwenda mara mbili: unapita na damu ya mzee, halafu unarudia njia ileile na maziwa. Kitanzi kimoja unakifuma, kinachofuata unakiruka, ila hukiachi uchi. Unakitupia uzi juu, kama mtu aliyejitanda kanga. Ukirudi na rangi ya pili unakikuta na kanga yake, unawafuma wote wawili kwa pamoja. Ukisahau kanga moja tu, msiba.

Mara ya kwanza nilifika mzunguko wa 6 ndipo nikaona duara limejisokota namba nane. Nikafumua. Mara ya pili kitanzi kimoja kiliponyoka, kikashuka na kanga yake hadi chini, kikaniachia ngazi ambayo mjusi angepanda. Nikafumua. Mara ya tatu nikapata akili: kila baada ya mizunguko 10 nilipitisha uzi wa kushonea kwenye vitanzi vyote, nikiharibu huku juu nifumue mpaka hapo tu. Ikakua. Na ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Nje damu ya mzee imetuna, ndani maziwa, laini kama tumbo la paka.

Ikabaki kufunga ukingo. Sasa, kwenye vitambaa vya kochi, ukingo uliolegea ni aibu ya ukoo mzima. Nikakaza. Kila kitanzi nilikivuta mpaka kikalia. Skafu yenyewe inavutika kama mpira wa manati, lakini mimi nilikuwa nimeifunga mdomo kama gunia la viazi, na nikajipongeza.

Jumapili mchana nikaikabidhi, familia nzima ipo. Baba mkwe akaingiza kichwa kwa upande wa chini, uliolegea. Kichwa kikazama chote. Ule ukingo wangu wa fahari ukafika utosini, ukasimama. Akavuta. Mzee huyu bado anapasua kuni mwenyewe. Ukashuka mpaka kwenye nyusi, ukayakunja masikio yote mawili, ukagoma. Upara ukabaki nje, unang'aa, na chini yake bomba la sufu lenye mabega.

Sauti ikatoka ndani, ya taratibu: "Mwanangu, ndivyo inavyovaliwa?"

"Hapana, baba."

"Haya."

Wakajaribu kuivuta juu; masikio yakakataa. Anayejua namna ya kuifungua ni mimi peke yangu, na mimi ndiye pekee nisiyeweza. Utamshikaje baba mkwe kichwa? Kwetu hata kiti chake sikikalii. Mama mkwe akasema, "Lete mkasi."

"Mkasi hapana!" nikapiga kelele, kabla sijafikiria nini kinaokolewa na nini kinaachwa.

"Mkasi wa nini?" ikauliza sufu. "Nani ana mkasi?"

Hapo ndipo tukasikia hodi. Balozi wa nyumba kumi, na daftari lake la michango.

"Kamwene!"

"Kamwene, karibu," akajibu baba mkwe, akanyoosha mkono, akaipa heshima zote nguzo ya kibaraza.

Balozi akaangalia nguzo, akamwangalia mzee, akaninong'oneza, "Ni jino?"

Ukingo wa namna ile unafumuka kwa kuanzia pale ulipoishia. Nikamwelekeza wifi yangu mdogo atafute ncha nyuma ya kisogo, aichomoe kwenye kitanzi cha mwisho, aniletee. Nikapiga goti, mbali, kwa adabu zote nilizofunzwa, nikavuta. Prrrrr! Uzi ukamzunguka mzee kichwani. Likatokea sikio. Likatokea jicho moja, likanitazama bila kupepesa. Balozi, kwa mazoea ya kuona viongozi wakivuta kamba na pazia likidondoka kwenye jiwe la msingi, alikuwa amesimama wima ameshika kofia mkononi. Pua ilipotokeza, akapiga makofi.

Baba mkwe alitoa mchango wa balozi siku ileile, bila kuuliza ni wa nini. Hiyo haijawahi kutokea.

Usiku nikafunga upya, safari hii kwa kulegeza, tena kwa woga. Nililegeza mno. Asubuhi akaivaa: ikapita kichwa, ikapita shingo bila hata kuisalimia, ikatua kwenye viwiko. Akakaa nayo hivyo kwa muda, mikono imebanwa ubavuni, akitafakari. Kisha akaivua, akaingia jikoni bila neno.

Alirudi amebeba birika. Alikuwa amelivalisha skafu yangu, limezama ndani yake kama kuku atamiaye, mdomo na mkono tu ndivyo vimetokeza. Nikaufikiria upande wa maziwa, uliogusana na masizi, kazi yangu ya usiku ishirini na nane. Sikusema kitu.

Akanywa kikombe cha kwanza polepole, makusudi. Tukasubiri wote. Akamimina cha pili, akaonja, akanigeukia.

"Ya moto," akasema.