Tukutane Archives: sawa, lakini hilo jengo lifanye kazi gani?

Juzi kwa grupu ya WhatsApp ya watu tuliosoma pamoja jamaa mmoja alirusha swali, ati kwa nini Nairobi inakalia ploti za pesa ndefu na vijengo vifupi vya wakoloni, akatoa mfano wa Archives, ile nyumba ya nyaraka za taifa pale Moi Avenue, akasema ibomolewe tu, ijengwe kitu cha maana kinachoenda juu, na makaratasi ya serikali yapelekwe huko nje ya mji. Mwingine akamwambia wewe ni mtu huna kwenu. Basi vita vikaanza mpaka saa sita usiku. Mimi nilisoma tu bila kuandika kitu kwa sababu nilikuwa naona wote wawili wana pointi, ila hakuna aliyezungumzia jengo lenyewe.

Na kitu cha kuchekesha, huyo anayetaka kubomoa ndiye kila tukionana tao, yaani katikati ya mji, husema "tukutane Archives". Si yeye pekee. Ukisimama hapo Jumamosi saa nane utaona watu wameegemea kingo karibu na sanamu ya Tom Mboya, simu sikioni, "niko hapa, we uko wapi, nimevaa jaketi nyekundu", huku mhubiri na spika yake upande huu na makonda wa Tom Mboya Street wakiita abiria upande ule. Mlangoni kwenyewe hakuna msongamano wowote. Watu wengi ninaowajua wamesubiri mtu hapo mara mia na hawajawahi kuingia ndani hata siku moja.

Sasa, hiyo nyumba ilikuwa benki. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa 1896, ikaingia Nairobi 1904, na jengo hili inasemwa ni la 1906. Jaribu kufikiria Nairobi ya 1906. Reli ilikuwa imefika 1899 tu, mji ulikuwa mtoto wa miaka saba, mabati na mbao kila mahali, na miaka minne nyuma yake, 1902, soko la Wahindi lilikuwa limechomwa moto kwa amri ya wakubwa kwa sababu ya tauni. Katikati ya hayo mabati mtu anakuja anapanga mawe mazito, anasimamisha nguzo nene za mtindo wa Wagiriki na Warumi kana kwamba mji una miaka mia tano. Hiyo haikuwa urembo bure. Benki haiuzi kitu unachoweza kushika, inauza imani, na mfanyabiashara aliyeona duka la mwenzake likigeuka majivu alikuwa anaambiwa na zile nguzo kwamba rupia zake (enzi hizo pesa ilikuwa rupia) hazitaungua hapa.

Ila alikuwa anaambiwa nani? Hapo ndipo yule jamaa wa kubomoa ana hoja na si ya kupuuza. Hizo nguzo hazikujengwa kumkaribisha Mwafrika. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Mwafrika alitembea mji huu na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kwenye kibati shingoni, na ile Kipande House ya 1913 kule Kenyatta Avenue, vilikotolewa, imebeba jina la hiyo kazi mpaka leo. Halafu ona dunia ilivyo: National Bank of India iliungana na Grindlays 1958, 1970 ikawa Kenya Commercial Bank, na leo KCB ndiyo iko ndani ya Kipande House, wakati nyumba ya hiyo benki mama ndiyo imejaa makaratasi ya serikali. Yaani nyumba ya vitambulisho imekuwa benki na nyumba ya benki imekuwa stoo ya serikali! Mimi hilo tu linanitosha kusema yasibomolewe, lakini najua utamu wa stori haulipi bili.

Hoja yenye nguvu kwa upande wa kubomoa wala si ukoloni, ni makaratasi. Faili za zamani zinataka hewa kavu, baridi isiyobadilika, zikae mbali na vumbi na moshi. Sisi tumeziweka pembeni ya barabara ya matatu. Ukumbi wa benki ulichorwa kwa ajili ya kaunta na foleni, si kwa ajili ya shelfu za kutunza nyaraka. Hapo namuunga mkono jamaa kabisa, faili nyingi zipelekwe sehemu iliyojengewa hiyo kazi. Lakini kutoka hapo mpaka kubomoa ni kuruka mto mzima, kwa sababu chini pale kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, vinyago, vitambaa, mapambo kutoka kona nyingi za Afrika, na ule ukumbi mrefu unafaa vitu hivyo kuliko ulivyowahi kufaa faili.

Tena Murumbi ndiye mfano wangu mkubwa. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na vitu vyake kwa mpango kwamba pawe taasisi ya mambo ya Afrika. Nyumba ikabomolewa. Ilikuwa mahali pazuri, pametulia, hakuna apitaye, kwa hivyo hakuna aliyeona mpaka ilipokwisha. Vilivyokuja kwa kelele za Moi Avenue bado tunavyo. Kwa hivyo ninyi mnaosema sheria itatosha, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006, mimi siwaamini sana. Jengo la tao linalindwa na kazi linalofanya na macho yanayoliona. Hoteli ya Hilton ya 1969 hapo ng'ambo ilikuwa ndefu na ya kisasa na bado ilifunga milango mwisho wa 2022, na kale kazee ka 1906 bado kanafungua mlango.

Upande wa kulinda nao kuna kitu wanakwepa. Archives ni ya serikali, rahisi kuisemea. Sasa mwenye duka la zamani Biashara Street, paa linavuja, wapangaji wanalipa kidogo, akiambiwa jengo lako ni turathi usiguse bila ruhusa, nani anampa mabati? Huyo akiamka siku moja akaangusha ukuta usiku si kwamba anachukia historia, amechoka na ndoo. Kanjo, yaani serikali ya jiji, wangemsamehe reti za ploti kwa masharti kwamba uso wa jengo ubaki na nyuma ajenge anavyotaka, nadhani wengi wangekubali, na hata jamaa yetu wa grupu angepata ghorofa zake huko nyuma. Pale Archives kwenyewe ningeanza na mlango tu. Ufunguliwe kabisa upande wa sanamu, ghorofa ya chini iwe bure Jumamosi, ili anayesubiri mtu wake aliyekwama kwa jam asubirie ndani.