Mtoto wa miaka minne anayeitwa baba

Huu mwaka wa tano niko Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, eneo la Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, lililoanzishwa mwaka 1999. Hakuna barabara ya kututoa hapa kwenda mji mwingine. Ni ndege tu, na barafu ikiyeyuka, meli. Naondoka Tanga, wazee waliniambia huko ugenini hakuna undugu, kila mtu na mlango wake. Kusini mwa Kanada niliyaona hayo. Huku, hapana.

Jirani yangu, bibi wa Kiinuit, aliniita nikale kwake. Chakula kilikuwa sakafuni, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa: samaki mbichi aliyegandishwa na nyama ya sili, mnyama wa baharini. Tukakaa chini, wanawake kila mmoja na ulu yake, kile kisu chao chenye umbo la nusu mwezi. Nikahisi niko mkekani kwetu, sinia katikati. Bibi akakata kipande cha samaki, akampa mjukuu wake wa miaka minne, akamwambia: "Ataata." Yaani baba.

Mtoto yule ni somo wa baba yake bibi, aliyekwisha kufariki. Kwa Wainuit, marehemu hurudi kwa watu wake kupitia jina, basi kila mmoja humwita mtoto kwa undugu ule ule aliokuwa nao na mwenye jina. Machozi yalinilenga. Mama yangu hakuwahi kutamka jina la kaka yangu mkubwa, kwa sababu lilikuwa la baba mkwe wake. Alimwita "Babu" mpaka anaingia kaburini.

Serikali ya Kanada haikuuelewa mpango huu wa majina. Miaka ya 1940 iliwapa Wainuit namba, zimeandikwa kwenye visahani vya kuvaa shingoni, kama kile kitambulisho kilichoitwa kipande, walichovishwa wazee wa Kenya wakati wa mkoloni. Baadaye ikawaandikia majina ya ukoo. Na bado bibi yule anamwita mjukuu wake baba.

Kwetu sasa nasikia majina ya bibi zetu ni ya kizamani, mtoto apewe la kwenye tamthilia. Linaniuma sana hili. Mdogo wangu anajifungua karibuni. Nimemwambia akizaa wa kike, jina la marehemu mama, Mwanahamisi, lisiachwe. Nikipiga simu nitaomba nisikilizishwe sauti ya mama.