Makala ya meno yanayonukuliwa sana yana uzito gani Kanda ya Ziwa?

Orodha za makala ya utafiti wa meno yaliyonukuliwa zaidi duniani, yaani yaliyotajwa mara nyingi katika makala ya watafiti wengine, zina sura inayojirudia: magonjwa ya fizi na vipandikizi vya meno hushika nafasi za juu, ilhali kung'oa jino, huduma inayowapeleka wagonjwa wengi katika vituo vya afya vya Ukerewe au Sengerema mkoani Mwanza, Tanzania, ni nadra kuonekana. Wapo wanaosema kwa hiyo kwamba orodha hizo hazituhusu. Naona wamekwenda mbali mno.

Makala ya Löe na Silness ya 1963, pamoja na ya Silness na Löe ya 1964, yaliwapa watafiti vipimo vya uvimbe wa fizi na vya ukoga. Anayetaka kuchunguza fizi za wanafunzi wa shule za msingi za Nyamagana anaweza kuvitumia na kuyataja makala hayo, na bila kipimo cha pamoja matokeo yake hayatalinganishwa na ya kwingineko. Ndivyo kilivyo pia kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha 1978 cha madhara ya floridi kwenye meno, chenye maana kubwa kwetu kwa kuwa baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa vina madini hayo kupita kiasi. Hapa wingi wa nukuu unaonyesha manufaa ya kweli.

Lakini hesabu hiyo haioni kila kitu. Mbinu ya kusafisha jino lililooza kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila mashine ya umeme ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Thamani yake iko kwenye meno yaliyookolewa katika zahanati zisizo na umeme, na meno hayo hayaingii katika hesabu ya nukuu. Umri nao huchangia, kwani makala ya zamani yamekuwa na miaka mingi ya kutajwa.

Ndiyo maana napinga kwa dhati idadi ya nukuu kuwa kigezo kikuu cha kupandisha vyeo wahadhiri. Anayechunguza kwa nini mgonjwa wa kisiwani hufika hospitali jino likiwa halizibiki tena atanukuliwa na wachache, kwa sababu wanaolitafiti suala hilo wenyewe ni wachache. Kamati iisome kazi yake, kisha iwaulize waganga wakuu wa wilaya wameitumiaje.